Mashine Haiweki Saini

Msimu wa mahafali ukifika, hotuba ni ileile. Mgeni rasmi anasimama, anawapongeza wahitimu na wazazi wao, kisha anaanza kuwatisha. Roboti na akili mnemba zinakuja. Kazi mlizosomea huenda zisiwepo miaka kumi ijayo. Atakayesalimika ni yule atakayejiongeza, kwa hiyo jifunzeni kompyuta, jiajirini, msichague kazi. Watu wanapiga makofi, na wahitimu wanarudi nyumbani wakiwa wameshakubali kwamba wakikosa kazi, kosa litakuwa lao.

Imani hii haiishii kwenye mahafali. Utaisikia redioni, kwenye semina za ujasiriamali, na kwenye vikao vya familia vinavyoamua mtoto asome nini. Inasema mustakabali wa kazi unakuja wenyewe kama masika, na kinachobaki kwa kila mtu ni kutafuta mwavuli wake. Naipinga kwa nguvu zote. Kazi hubadilishwa na watu wenye majina na vyeo: mwenye mali aliyeamua kununua mashine, waziri aliyepandisha au kushusha kodi, mwanasheria aliyeandika mkataba, jaji aliyetoa hukumu. Mashine haijawahi kumwachisha mtu kazi. Barua ya kuachishwa ina saini chini yake, na saini hiyo ni ya mtu.

Tazama kwanza utabiri wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walipitia aina 702 za kazi na kukadiria kuwa asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kufanywa na kompyuta. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima. Wengi walioinukuu waliacha tahadhari ya waandishi wenyewe, kwamba walipima kinachowezekana kiufundi na hawakukadiria ni kazi ngapi zitaondolewa kweli. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba hii tunayoijua leo, alisema wakati umefika wa kuacha kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano kompyuta ingewashinda. Miaka mitano ilipita, na hospitali za Uingereza na Marekani ziliendelea kulalamika kwamba madaktari hao hawatoshi.

Huku kwetu orodha za kazi za kesho zimekosea hata zaidi. Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza Kenya, nani alimwambia kijana kwamba kutakuwa na kazi ya wakala, ya kukaa kwenye kibanda chenye mwavuli wa rangi ya kampuni ya simu, na daftari na simu mbili, kutoa na kuweka pesa za mtaa mzima? Nani aliandika bodaboda kwenye orodha ya kazi za karne ya 21? Pikipiki si uvumbuzi mpya. Kilichozijaza barabarani ni bei nafuu ya pikipiki kutoka India na China, na kodi. Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, maelfu ya vijana waliipata kazi ambayo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuwaandaa nayo. Mstari mmoja kwenye bajeti ulifanya jambo ambalo semina elfu zisingelifanya.

Lakini kesi ninayoitegemea zaidi ni ya bandarini, kwa sababu huko tayari tuna historia nzima ya mashine kubwa kuingia kwenye kazi ya watu wengi.

Kuli wa Mombasa au Dar es Salaam wa miaka ya 1930 aliajiriwa kwa siku. Alfajiri anakwenda getini, meli ikiwapo anapewa kazi ya kubeba magunia, isipokuwapo anarudi mikono mitupu. Hana likizo, hana malipo ya ugonjwa, na akivunjika mguu chini ya winchi nafasi yake inachukuliwa na mwingine asubuhi inayofuata. Wakuu wa wakati ule walisema Mwafrika ndivyo apendavyo, kazi ya kuja na kuondoka. Makuli wenyewe waligoma, Mombasa na Dar es Salaam, mwaka 1939. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama kwa siku kumi na mbili: watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hadi wapishi wa majumbani. Mwaka huohuo mgomo wa bandari ya Dar es Salaam ulifuata njia ya reli hadi bara. Kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa, Chege Kibachia, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata kazi ya bandari ilitoka kwenye kibarua cha siku ikaanza kuwa ajira ya mwezi, yenye mshahara unaoweza kulisha familia. Mwanahistoria Frederick Cooper ameandika kitabu kizima kuhusu mabadiliko hayo. Kuli hakupata ujuzi mpya. Gunia lilikuwa lilelile na mgongo uleule. Kilichobadilika ni masharti.

Kisha kontena likaja. Aprili 1956 Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli kutoka Newark hadi Houston, na tangu siku hiyo kazi ya kubeba magunia ilianza kufa dunia nzima. Hapa ndipo wahubiri wa mashine wangepaswa kushinda hoja, kwa kuwa kontena ni lilelile kila bandari. Matokeo hayakuwa yaleyale. Katika pwani ya Pasifiki ya Marekani, chama cha makuli kilichoongozwa na Harry Bridges kilikaa mezani na wenye meli mwaka 1960. Wafanyakazi waliruhusu mashine ziingie, na wenye meli wakakubali kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwenye mfuko wa kuwalipa wanaostaafu mapema na kulinda kipato cha waliobaki. London hapakuwa na mapatano ya namna hiyo. Meli zilihamia Felixstowe, bandari ambayo haikuwa chini ya mpango wa kitaifa uliowalinda makuli, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 bandari za ndani za London zilikuwa zimefungwa. Aliyeangalia kontena peke yake asingeweza kutabiri hatima ya kuli wa San Francisco na kuli wa London. Aliyesoma mikataba angeweza.

Mombasa ililiona jambo hilihili tena juzijuzi. Reli ya kisasa, SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Serikali ilipoagiza makontena ya kwenda Nairobi yapande treni na kutolewa huko bara, madereva wa malori, matingo, mawakala wa forodha, na akina mama wanaouza chakula kando ya barabara kuu waliona riziki ikiyeyuka, na mwaka 2019 watu waliandamana mjini. Wengi waliandika kwamba ndiyo maendeleo, treni imelishinda lori. Septemba 2022 Rais William Ruto aliapishwa, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Reli haikung'olewa. Iliyobadilika ni amri.

Sasa tusogee kwenye sheria, mahali ambapo kesho ya mfanyakazi imeandikwa tayari na watu wachache sana huisoma. Chukua mtu aliyefanya kazi miaka 20 kiwandani, kisha mwajiri analeta mtambo na kumpunguza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Siku sabini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka zisipungue siku kumi na tano kwa kila mwaka, na ukomo huo wa miaka kumi haupo, kwa hiyo mwenzake wa upande wa pili wa mpaka wa Namanga anaondoka na mshahara wa siku mia tatu. Mtambo ni mmoja, umri wa kazi ni mmoja, ila mmoja ana miezi miwili na ushei ya kujipanga upya na mwingine ana karibu mwaka. Ukimwambia yule wa kwanza kwamba tatizo lake ni kutojifunza kompyuta, unamdhulumu.

Na huyo angalau ana sheria. Dereva wa teksi mtandao hana hata hiyo, kwa kuwa kampuni inasema si mwajiriwa wake, ni mshirika tu. Kaa naye kijiweni uone hesabu zake. Abiria amelipa shilingi 10,000. Kampuni inakata kamisheni yake kabla ya jambo lolote. Kinachobaki kinalipa mafuta, bando, kuosha gari na hesabu ya tajiri jioni. Abiria akimpa nyota chache, au akaunti ikifungwa usiku bila maelezo, hana bosi wa kumwendea. Ndiye kuli wa getini wa mwaka 1939, isipokuwa geti liko kwenye simu.

Kamisheni hiyo ni kiasi gani? Si teknolojia inayoamua. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, iliweka kikomo cha asilimia 15, kutoka viwango vilivyozidi 25. Kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania Aprili mwaka huo, na ikarejea mwanzoni mwa mwaka uliofuata baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya iliweka 18. Katika kila shilingi 10,000, tofauti ya 15 na 25 ni shilingi 1,000 ya dereva. Hakuna mstari wa programu uliobadilika katika mvutano ule. Serikali ilivuta, kampuni ikavuta, na madereva, ambao ndio wenye jasho, walikuwa na sauti ndogo kuliko wote.

Wale wanaoambiwa wakimbilie kompyuta nao watazame Nairobi. Hapo ndipo vijana waliosoma, wenye Kiingereza safi na vyeti vyao mkononi, walipoajiriwa kuisafisha akili mnemba yenyewe. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama, waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Hii ndiyo kazi ya kesho waliyoahidiwa, na waliifuzu. Ujuzi walikuwa nao. Nguvu ya kujadili masharti hawakuwa nayo. Mei Mosi 2023 wahakiki wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao, na wenzao 184 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook walikuwa wameshakwenda mahakamani kuishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuhusu mustakabali wa kazi Afrika Mashariki kuliko roboti yoyote iliyozinduliwa mwaka ule.

Najua jibu linalokuja. Wafanyakazi wakidai sana, mwenye mali hununua mashine haraka zaidi, na mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, yatatajwa kama ushahidi. Kweli, kampuni za chai zilieleza kwamba gharama za mishahara ndizo zilizozisukuma kuleta mashine za kuchuma, na mwaka 2023 watu wenye hasira walizichoma moto mashine hizo mashambani. Sibezi hoja hii. Machungu ya wachumaji waliopoteza kazi si ya kubuni, na wengi wao ni wanawake walioishi kwenye nyumba za kampuni, kiasi kwamba kupoteza kazi ni kupoteza na mahali pa kulala. Lakini angalia mgogoro ulivyokwenda: mapatano ya mishahara yalijadiliwa mwaka baada ya mwaka, na mashine zikawa jambo la kugombania mahakamani na mashambani zilipokwisha kuingia. Harry Bridges alifanya kinyume. Alikubali kwamba kuizuia mashine moja kwa moja hakuwezekani, akaiweka ndani ya mkataba na kuiwekea bei. Kudai mshahara bila kudai sauti juu ya mashine ni kudai nusu.

Wala sisemi watoto wasisome. Wasome kompyuta, wasome ufundi umeme, wasome hesabu. Ninachokataa ni kumkabidhi kijana wa miaka 22 mzigo uliopaswa kubebwa na bunge, wizara, vyama vya wafanyakazi na wenye makampuni, kisha kumwita mvivu akishindwa kuubeba.

Kwa hiyo ninataka mambo yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Ukomo wa miaka kumi kwenye kiinua mgongo uondolewe, na siku saba ziongezwe. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri ajadiliane na wafanyakazi kabla ya kupunguza watu. Mjadala huo uanze pale mtambo unapofikiriwa kununuliwa, si pale umeshafungwa na mafundi wanaujaribu. Dereva wa teksi mtandao apewe sababu kwa maandishi kabla ya akaunti yake kufungwa, na mahali pa kukata rufaa. Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, Geneva, Juni 2025, uliamua kuelekea kwenye mkataba wa kimataifa kuhusu kazi za namna hii. Kila nchi hupeleka huko wajumbe wanne wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Madereva wetu wana haki ya kujua majina ya hao wanne, na kuwaambia mapema wapige kura ya namna gani.