Ukienda Vasha, angalia pia mikono yenye grisi

Safari Rally ikikaribia, barabara ya Nairobi kwenda Naivasha hujaa Subaru, tenti na muziki. Hakuna ubaya, starehe ni haki yako. Lakini vumbi likishatua kule Olkaria, wewe unarudi nyumbani na nini?

Hatukukaripii, tunazungumza kazi. Mbio hizi zilianza 1953, zikatoka kwenye kalenda ya dunia baada ya 2002, zikarejea 2021. Mwaka huo tulishangilia madereva wetu chipukizi, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremy Wahome. Hongera zao. Ila gari halipelekwi na dereva na mwelekezi pekee. Mwaka huo huo Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza, kisha shokapu ya nyuma ikamwangusha katika mkondo wa Loldia. Ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Kifaa kimoja tu!

Ndiyo maana fundi ana thamani. Jioni, timu hupewa dakika 45 za kulirudisha gari katika hali nzuri. Zikipita, dereva anaongezewa muda wa adhabu. Humo ndani kuna breki, springi, gia boksi, data ya kusomwa kwenye kompyuta, na kila nati ina kipimo chake cha kukazwa. Hayo hujifunzi kwa kutazama TikTok.

Njia ipo. Vyuo vya ufundi vinafunza umekanika na umeme wa magari, kwa hivyo hesabu na fizikia usizitupe. Kama tayari uko gereji ya jua kali, NITA hupima ujuzi wako kwa Grade Test, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Kisha bisha hodi kwa timu za mashindano ya kitaifa. Ukianza kwa kubeba magurudumu, beba.

Tusidanganyane: raundi ya dunia huja mara moja kwa mwaka, na timu kubwa huja na mafundi wao. Siku nne haziwezi kukulisha miezi kumi na miwili. Lakini jicho lililozoea kugundua hitilafu mapema, na mkono usiobahatisha, vinatafutwa kwenye matatu, malori ya maua, magari ya watalii wa Hell's Gate, hata kwenye mitambo ya umeme wa mvuke hapo hapo Olkaria.

Serikali nayo isikwepe. Mbio hizi hugharimu pesa za umma, basi wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Nakuru watengewe nafasi ya kujifunza ndani ya uwanja wa sevisi, wasiachwe kuchungulia kwenye ua.

Nawe, ukienda tena Vasha, furahia. Ila tenga saa moja uwatazame mafundi wakifanya kazi. Jumatatu ikifika, kaulize chuo kilicho karibu nawe wanasajili lini.