Dawa ya Shokapu Kongwe Iko Ndani

Nina ugomvi na makundi mawili ya wapenda pikipiki za zamani, na nitausema bila kumung'unya maneno. Kundi la kwanza ni la wale wanaong'oa shokapu za mbele za pikipiki ya miaka ya 1970, wakapachika za pikipiki ya kisasa ya mashindano, kisha wakajisifu kwamba wameiboresha. Kundi la pili ni la wale wasiotaka hata springi iguswe, eti chombo kitapoteza uhalisi wake. Makundi haya hayapatani hata kidogo, lakini kosa lao ni moja: wote wanatazama nje ya bomba. Dawa iko ndani.

Naanza na hao wa kwanza. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sijaona mahali ambapo maneno hayo yanafaa zaidi. Hebu, ndugu msomaji, chora kwa mawazo mstari unaopita katikati ya shingo ya usukani ukateremka mpaka chini. Mstari huo utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi inapokanyaga. Umbali baina ya sehemu hizo mbili ndio unaoifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe, kama vile vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyofuata nyuma ya ekseli zake. Ukipungua mno, usukani unakuwa na wasiwasi na kutikisika. Ukizidi mno, pikipiki inakuwa nzito kukata kona.

Walioiunda waliupima umbali huo pamoja na urefu wa shokapu, ukubwa wa gurudumu, na nafasi ya vibano vinavyoshika miguu miwili ya shokapu. Ninayopanda mimi, Yamaha XS650 ya mwaka 1976, ina gurudumu la mbele la inchi 19. Shokapu za pikipiki ya kisasa ya mashindano kwa kawaida huundwa kwa gurudumu la inchi 17. Ni fupi, na vibano vyake huziweka karibu zaidi na shingo. Zipachike, na pua ya pikipiki itainama, mwinamo wa shingo utabadilika, na ule umbali nilioueleza utakuwa wa kubahatisha. Tena zinakuja na diski mbili za breki zenye nguvu nyingi, zikaivuta fremu iliyopimwa kwa diski moja. Wapo wachache wanaokokotoa hesabu zote, wakakereza vibano vipya na kuikaza fremu. Hao sigombani nao. Lakini anayepachika kwa kukisia ameunda pikipiki mpya ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Atakayeijaribu ni mwenyewe, kwa mwili wake, barabarani.

Sasa wale wa uhalisi. Nawauliza swali moja: mnapanda tairi za mwaka 1976? Hampandi. Mpira wa umri huo umekauka na kupasuka, nanyi mmenunua tairi mpya bila kumlilia mtu. Mnabadili viatu vya breki, mnabadili plagi, mnabadili oili ya injini. Kwa nini springi iliyobeba uzito kwa karibu nusu karne iwe ndiyo kitu kitakatifu? Tena hao waliounda hawakuwa na uchaji huo. BSA M20, pikipiki ambayo jeshi la Uingereza liliitumia kwa maelfu katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na mikono ya chuma mbele na springi moja kubwa katikati. Vita vilipokwisha, kiwanda chenyewe kiliipa M20 shokapu za mabomba yanayoingiana. BMW ilikuwa imekwisha kuuza R12 yenye shokapu za namna hiyo, zenye oili ndani, tangu mwaka 1935. Kama kiwanda kilikubali kujirekebisha, mlinzi wa uhalisi anamlinda nani?

Hili si suala la urembo. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Springi iliyochoka inajikunja mpaka mwisho, na hapo tairi haina tena kitu cha kuifuatisha barabara. Kigongo kidogo kinatosha kuirusha, na tairi iliyo hewani haina breki. Katika barabara zetu zenye matuta kila penye kijiji, jambo hilo halisubiri bahati mbaya. Linasubiri siku tu.

Basi kuboresha ni nini? Ni kuanza na yale yasiyoonekana. Bomba linyooke: liviringishe juu ya kioo, kama limepinda utaona mwanga ukipita chini yake. Lisiwe na vishimo vya kutu pale sili inapopita, maana vitaikata sili hata iwe mpya. Beringi za shingo zisiwe na mikwaruzo. Penye gololi za zamani, beringi za roli zilizochongoka hukaa imara zaidi. Mwaga oili chafu, weka mpya ya uzito uliopangwa, kiasi kilekile miguu yote miwili.

Kisha springi. Funga uzi kwenye bomba, keti juu ya pikipiki, upime imezama kiasi gani. Shokapu yenye mwendo wa milimita 140 izame kati ya 35 na 45 hivi. Ikizama zaidi, wengi huchomeka kipande cha bomba juu ya springi wakadhani wameikaza. Wameinyanyua pikipiki tu. Springi ni laini vilevile. Nunua springi ngumu zaidi inayolingana na uzito wako.

Mwisho ni njia ya oili. Katika shokapu nyingi za enzi hizo, ndani ya kila mguu mna bomba jembamba lenye matundu, na oili inapolazimishwa kupita hapo ndipo mruko unapozuiwa. Taabu ni kwamba tundu halibadiliki. Kasi ya kujikunja ikiwa mara mbili, ukinzani unakuwa takriban mara nne. Ndiyo maana shokapu ileile inalegea kwenye bonde pana na kukaza kama nondo kwenye shimo. Siku hizi kuna vali ndogo inayokaa juu ya bomba hilo, chini ya springi. Matundu hupanuliwa, na kazi ya kuzuia huachiwa vali, ambayo hufunguka zaidi pigo likiwa kali.

Hivyo ndivyo nilivyofanya yangu. Kwa nje hakuna kilichobadilika, na wapita njia hawasimami kuniuliza chochote. Najua hilo ndilo linalowaudhi wa kundi la kwanza, kwani wao wanataka kuonekana. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wainame basi, wafungue kifuniko cha shokapu, wamwage ile oili nyeusi kwenye beseni na kuitazama. Wakishaiona, tutaendelea na ubishi wetu, na wale wa uhalisi waje pia.