Kijijini bili hulipwa kwa siku

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, na wengi huwa wameshapiga hesabu ya kuhamia kijijini kabla barua haijatoka. Shamba limenunuliwa, mabati yamefika, banda la ng'ombe wawili wa maziwa limesimama. Vijana wanaochoshwa na kodi na foleni za Dar es Salaam nao hupiga hesabu ya namna hiyohiyo. Hesabu hiyo ina pengo moja: fedha imehesabiwa, siku hazikuhesabiwa. Anayehamia kijijini aweke bajeti ya siku zake kabla ya bajeti ya saruji, maana huduma nyingi ambazo mjini hununuliwa, kijijini huendeshwa na watu wenyewe kwa mikono yao.

Tuchukue maji. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mifongo, yaani mifereji ya asili, imepeleka maji mashambani kwa vizazi vingi. Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kumwagilia kwa zamu. Mfereji huziba kwa tope na majani, na wa kuuzibua ni walewale wanaoutumia. Ikitangazwa siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila kaya hutoa mtu, na asiyefika aweza kutozwa faini au kukosa zamu yake ya maji. Barabara ya mtaani iliyokatwa na mvua hutengenezwa hivyo, na kaburi huchimbwa hivyo. Mgeni anayeuona utaratibu huu kama mila ya kutazama kwa heshima kutoka barazani amekosea: hiyo ndiyo bili yake ya maji.

Ardhi nayo inasema jambo hilohilo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Mgogoro wa mpaka ukizuka, wa kwanza kusuluhisha ni baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Pale ambapo mpaka ni mstari wa mimea ya masale na ramani hakuna, ushahidi mzito ni kauli ya majirani. Jirani atamsemeaje mtu ambaye humwona akipita ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa?

Wapo watakaosema kuwa fedha inatosha: mchango wa msiba hutumwa kwa simu, na kibarua hulipwa akazibue mfongo. Kweli, mchango huo una msaada, na vijiji vingi huupokea kwa shukrani. Lakini kibarua hakupigii kura mkutanoni zamu za maji zinapopangwa upya, wala hakusaidii kujua nani ana ugomvi na nani kabla hujaingizwa katikati yake. Wengine watauliza kuhusu wazee na wagonjwa. Hao jamii yenyewe huwasamehe jembe, na kazi nyingine zipo: mhasibu mstaafu anayejua kusoma taarifa ya mapato na matumizi ana kazi katika kila mkutano wa kijiji, mradi aulize kama mjumbe na asiamrishe kama bosi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kijiji nacho kina ukali wake. Umbea upo, mgeni hushukiwa, na mwenye nacho huombwa hadi achoke. Hayo hayafai kupambwa. Ila kujitenga huyazidisha, kwa sababu mtu asiyeonekana hujazwa maneno na wasiomjua. Mahudhurio huweka pia mipaka ya kuombwa: aliyeshika jembe pamoja na wenzake ana uso wa kusema "leo sina" na akaaminika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mhamiaji wa leo hana sababu ya kungoja siku hiyo ya tatu. Kabla hata ya kupaua nyumba, amwendee mwenyekiti wa kitongoji amuulize msaragambo ujao ni lini, kisha aiandike tarehe hiyo katika daftari lilelile alimoandika bei ya mabati.