Dawa Mpya za Kisukari na Deni la Wanakiswahili

Lugha isiyoweza kumweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa yake haijatimiza wajibu wake. Kauli hii inawahusu wanakiswahili hasa wakati huu ambapo tiba ya kisukari inabadilika kwa kasi.

Tangu insulini ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu binadamu mjini Toronto mwaka wa 1922, maelezo yake yamekuwa mepesi: kongosho halitoi insulini ya kutosha, basi mgonjwa hudungwa ya kumfidia. Dawa za karibuni hufuata njia nyingine. Empagliflozini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2014, huzifanya figo ziitoe sukari kupitia mkojo. Semaglutaidi, iliyoidhinishwa huko mwaka wa 2017, huiga homoni ya utumbo; huchochea kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, na humfanya mtu ashibe upesi. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi la kwanza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021, na za kundi la pili mwaka wa 2025.

Hapa ndipo lugha inapogusa uhai. Anayetumia empagliflozini akipimwa mkojo ataonekana kuwa na sukari tele. Asiyeelezwa atadhani dawa imeshindwa na kuitupa, ilhali hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Semaglutaidi nayo hudungwa mara moja kwa wiki, kwa kifaa chenye umbo la kalamu kama kile cha insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akidhani kwamba dawa hizo ni moja, akaacha insulini, anaweza kufa katika muda wa siku chache.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya daktari. Ni kweli, lakini daktari wa Kenya amefunzwa taaluma yake kwa Kiingereza, na hajapewa Kiswahili cha kuielezea. Wengine watapendekeza orodha ya istilahi. Istilahi zinahitajika, ila hazitoshi. Neno ‘kisukari’ lenyewe limekubalika kote, na bado wapo wanaoamini kwamba kuacha sukari katika chai kunatosha kuwa tiba. Jina huutambulisha ugonjwa, haliufafanui.

Aidha, haifai kusahau kwamba bei ya dawa hizi ni kizuizi kikubwa kuliko msamiati. Mwenye kukosa dawa hatibiwi na istilahi. Hata hivyo, bei ikishuka kesho na maelezo yakakosekana, dawa itamfikia mgonjwa kabla ya maarifa ya kuitumia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Hadhi hiyo haina budi kuonekana zahanatini sawa na inavyoonekana bungeni. Idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya tiba kuandaa maelezo ya ukurasa mmoja kwa kila dawa, nayo yasomewe wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa, ili ibainike wameelewa nini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya tafsiri anayo hapo. Tafsiri hiyo itapimwa na msimamizi wake, na pia na mgonjwa atakayeitegemea.