Mtoto wa Masisi au Walikale asomee historia, siasa na sheria kwa faida gani?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, swali moja linarudi katika parokia zetu: kijana aliyepata diploma ya Serikali aende kusomea nini? Wazazi wengi wanataja udaktari, uuguzi, kilimo au ualimu. Kijana akitaja historia, siasa au sheria ya makosa ya jinai, nyumba inanyamaza. Kisha mzazi anauliza: minervali hiyo tutaitoa wapi, na ukimaliza utafanya kazi katika mahakama gani?

Swali hilo si la kudharau. Tangu Mei 2021, chini ya hali ya dharura iliyotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma. Benki zikafungwa, na mahakama za Serikali zikaacha kufanya kazi. Tarehe 19 Machi mwaka huohuo wakachukua Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mama anayeishi kambini na watoto watano ana haki ya kuuliza faida ya kitabu cha sheria.

Pamoja na hayo, sisi tunaona kwamba masomo haya matatu ni ya lazima kwa Masisi na Walikale kuliko mahali pengi. Tutaeleza sababu kwa mambo yaliyotokea kwetu.

Historia: tunaanza kuhesabu wapi?

Keti na wazee wa Masisi kutoka makabila mawili tofauti. Mmoja ataanza na mwaka 1937, wakati utawala wa Ubelgiji ulipoanza mpango wa kuleta familia kutoka Rwanda kuja kulima na kufanya kazi huku. Atasema juu ya ardhi na mamlaka ya mwami. Mwingine ataanza na sheria ya uraia ya 1981, iliyofuta ile ya 1972 na kuacha watu waliozaliwa hapa bila uraia. Atasema juu ya watoto walioitwa wageni katika kijiji cha babu yao. Wa tatu ataanza na Machi 1993, mauaji yalipoanza katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, na kusambaa hadi Masisi. Wa nne ataanza na 1994, wakimbizi na wauaji walipovuka mpaka pamoja kutoka Rwanda.

Wote wanne wanasema mambo yaliyotokea. Shida ni kwamba kila mmoja anaanzia siku ambayo watu wake waliumizwa, na anamalizia kabla ya siku ambayo watu wake waliumiza wengine. Vijana wanaoingia porini wamelishwa nusu hiyo ya habari tangu utotoni. Mwanafunzi wa historia anajifunza kuweka tarehe hizo zote kwenye meza moja, kusoma hati za zamani, kusikiliza mashahidi wa pande zote, na kukataa habari isiyo na ushahidi hata kama inapendeza kabila lake.

Siasa: ni nani tuliompa nafasi?

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika eneo la Luvungi, wilaya ya Walikale, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji 13. Walikuwa wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Kundi la Ntabo Ntaberi Sheka lilikuwa mojawapo ya makundi yaliyofanya uovu huo. Mwanzoni mwa 2011 hati ya kumkamata ilitolewa. Hata hivyo, mwaka huohuo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wagombea ubunge wa Walikale.

Bosco Ntaganda, aliyekulia Ngungu katika Masisi, alitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2006. Mwaka 2009 alikuwa jenerali katika jeshi la taifa. Walioamua hivyo walisema wanatafuta amani.

Mambo haya hayaelezeki kwa kusema tu kwamba shetani yuko kazini. Yana njia zake: nani anapitisha orodha ya wagombea, nani anapata faida katika madini, nani anapewa cheo ili anyamaze. Anayesoma siasa anajifunza kuziona njia hizo na kuuliza maswali kabla ya mapatano mengine kutiwa sahihi. Mwaka 2025 tumesikia habari za Washington na Doha. Ni watu wangapi katika makanisa yetu wanaoweza kusoma mapatano hayo na kutueleza waliobakwa na waliofiwa wamewekwa wapi ndani yake?

Haki: kesi hujengwa na nini?

Sheka alijisalimisha Julai 2017. Kesi yake ilifunguliwa Goma Novemba 2018 mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 23 Novemba 2020 akahukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilihitaji wanawake waliokubali kusema, watu waliowalinda, mawakili waliopanga ushahidi kijiji kwa kijiji.

Ntaganda alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019, lakini kesi yake ilihusu Ituri ya 2002 na 2003. Familia za Masisi zilisikia jina la mtu wanayemjua, bila kusikia majina ya wafu wao.

Tukumbuke pia Busurungi, Walikale, ambako FDLR waliua watu zaidi ya 90 Mei 2009. Kiongozi wao, Ignace Murwanashyaka, alihukumiwa huko Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, miaka 13. Mwaka 2018 mahakama ya juu ikatengua sehemu ya hukumu, naye akafa 2019 kabla ya kesi kumalizika. Ni vigumu sana kwa majaji walio mbali kuthibitisha yaliyotokea katika kijiji cha msituni. Anayeweza kuandika mapema, kwa usahihi, ni mtu wa karibu aliyejifunza kazi hiyo.

Biblia haikuona kazi hii kuwa ya kidunia tu. Kumbukumbu la Torati 19 inakataa shahidi mmoja peke yake. Hesabu 35 inatenganisha aliyeua kwa kusudi na aliyeua bila kukusudia, na inataka asikilizwe kabla ya kisasi.

Kwa nini chuo kikuu cha Kikristo?

Tunavyo vyuo vya namna hiyo: ULPGL ya Goma, iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1985; UEA ya Bukavu; UCBC ya Beni, iliyoanza 2007. Lakini jina la Kikristo peke yake halitoshi. Makundi yenye silaha nayo yana wasomi wanaoyaandikia matangazo. Elimu bila kicho cha Mungu inaweza kumfundisha mtu kutetea uuaji kwa maneno mazuri.

Nabii Nathani alimwambia Daudi ukweli, mfalme wa watu wake mwenyewe. Hicho ndicho kipimo tunachokitaka: mwanafunzi wa Kihunde, Kihutu, Kitutsi, Kinyanga au Kikumu aweze kuandika kosa la watu wake na mateso ya jirani yake. Chuo kinachoogopa kazi ya namna hiyo kisijivunie msalaba ulio kwenye lango lake.

Parokia nazo zina la kufanya. Zichangie minervali ya mwanafunzi mmoja, hata kwa mazao. Zimwombe aandike kazi yake ya mwisho juu ya eneo lake, kisha aje aieleze kwa Kiswahili mbele ya wazee. Zitunze daftari la ubatizo, la ndoa na la vifo, na nakala mahali pengine palipo salama, bila kuhatarisha mashahidi. Mahakama zitafunguliwa tena siku moja. Zitauliza majina, tarehe na mahali, na anayepaswa kujibu yuko katika nyumba zetu leo, akingoja tumwambie kama aende kusoma au asiende.