Kalvati Si ya Kaunti Moja



Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, na kabla hazijafika twataka kusema neno juu ya maji na juu ya kazi yetu.

Mwakumbuka alfajiri ya tarehe 29 Aprili, 2024. Maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakakifagia kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kwanza ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba halikuwa bwawa, bali njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ya zamani. Iliziba kwa miti, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakapasua.

Kila mtu aliyepata kufanya kazi ya gengi ajua maana ya maneno hayo. Tuta lenye kalvati iliyoziba ni bwawa, tena bwawa lisilo na fundi wala mlinzi. Kulizibua hakutaki elimu kubwa. Kwataka sururu, koleo, karai, panga, na watu wa kutosha wanaopita kabla ya mvua na tena katikati ya mvua. Watu hao wamepunguzwa mwaka hata mwaka, na waliobaki wamepewa kipande kirefu mno. Hilo tumelisema mara nyingi na tutalisema tena.

Lakini kalvati haijizibi yenyewe. Miti ile na udongo ule vilitoka juu, na Kijabe iko katika Kaunti ya Kiambu. Tuta ni la reli, nayo reli iko chini ya Serikali kuu. Waliokufa walikuwa chini, katika Kaunti ya Nakuru. Basi ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumwambia mwenziwe kwamba maji yamesimama pale juu? Kila mmoja aweza kuonyesha kidole upande wa pili, na kidole hakimfufui mtu.

Sisi watu wa reli tulifundishwa vingine. Katika utaratibu wa tokeni, stesheni masta hakuweza kuliachilia gari kwa kupenda kwake. Ilimpasa amwulize kwanza mwenziwe wa stesheni ya mbele, naye ajibu kwamba njia ni wazi. Hakuna aliyesema, "Stesheni ile si yangu." Kaunti ya juu na kaunti ya chini zikiulizana namna hiyo wakati wa mvua, kijiji kitapata saa moja ya kuhama. Saa moja yatosha kumbeba mtoto na mzee mpaka mlimani.

Sheria haikukosekana. Katiba ya mwaka 2010, katika Nyongeza ya Nne, imeziwekea Serikali kuu na kaunti zote 47 kazi ya kukabili maafa. Kifungu cha 189 chaziamuru serikali hizo zishirikiane, na chaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Kilichokosekana ni watu kuketi meza moja kabla ya kuzikana.

Tutaambiwa kwamba kaunti zimekwisha kuungana: za Pwani zina jumuiya yao, za Ziwa zina yao, na za Kaskazini kadhalika. Ni jambo jema kwa biashara. Lakini mto haukuulizwa zilipopangwa. Mto Tana waanza Nyandarua na Mlima Kenya, wapita mabwawa ya Masinga mpaka Kiambere, kisha washuka Garissa na Kaunti ya Tana River. Walio juu wako katika muungano mmoja na walio chini katika mwingine. Mabwawa yakijaa, tangazo hutolewa, nasi twashukuru. Ila tangazo halina mashua wala lori. Mashua na lori zataka mapatano ya mapema: nani ataleta, nani atalipa mafuta, watu watalala shule gani.

Wengine watasema magavana hawawezi kupatana, kwa kuwa kila mmoja apenda kupigwa picha akigawa mablanketi yake. Labda. Lakini hapo Ngai Ndethya mwaka 1993, daraja lilipochukuliwa na maji na gari la abiria kutumbukia usiku, zaidi ya watu 100 walikufa, na siku hizo hapakuwa na gavana wala kaunti. Ubaya wa kutoambiana ni wa zamani kuliko wanasiasa hawa.

Twataka Kiambu, Nakuru na wenye reli waunde kamati moja ya ukingo ule wa Bonde la Ufa, na wazee wa gengi waitwe ndani yake, kwa maana wao wazijua kalvati kwa maili na kwa miguu. Kaunti za Mto Tana zifanye vivyo hivyo, kutoka mlimani mpaka Kipini.

Makatibu wa matawi, tafadhalini andikeni kila kalvati iliyoziba katika kipande chenu, maili yake, na kijiji kilicho chini yake. Orodha zifike ofisi ya chama kabla ya mwisho wa Februari. Nakala moja tutaipeleka kaunti ya juu, na nyingine kaunti ya chini, siku moja.