Jumamosi Ni Sanduku la Ngapi?

Juma hili tutasema juu ya jambo dogo linalowasumbua makarani wengi watumiao Excel, nalo ni hili: namna ya kuipa makro orodha ya vitu visivyobadilika. Makro ni maagizo yanayoandikwa mara moja, kisha kompyuta huyafuata kila siku pasipo kuchoka. Lugha ya maagizo hayo, iitwayo VBA, imo ndani ya Excel tangu mwaka 1993. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini majina tunayoyaweka ndani yake yaweza kuwa ya kwetu.

Tuseme wewe ni karani wa kikundi cha wakulima wa mboga huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Kabichi, viazi na njegere zashuka kutoka Nyandira na Langali kwenda Morogoro na Dar es Salaam, na kila mzigo una tarehe yake daftarini. Bei ya kabichi ya Jumatatu si lazima iwe bei ya Alhamisi. Basi wataka makro isome tarehe, iandike jina la siku kando yake, kisha itafute bei ya siku ile. Jina likikosewa, bei nayo itakosewa, na mama aliyeshuka mlimani na mzigo kichwani tangu alfajiri atalipwa pungufu. Tena hatajua, wala wewe hutajua.

Huenda wazo lako la kwanza litakuwa kutumia neno Const, ambalo kazi yake ni kufunga thamani isibadilike. Ukiandika Const SIKU_ZA_JUMA = 7, mashine itakubali, na tangu hapo hakuna agizo liwezalo kuigeuza 7 ile. Lakini Const hupokea kitu kimoja tu. Ukiipa majina saba, itakataa hata kabla makro haijaanza kazi. Wengi hupoteza mchana mzima hapa wakidhani wamesahau mkato mahali fulani. Hawakusahau kitu, lugha hii haina njia ya kufunga safu nzima kwa neno Const.

Safu ni nini? Nenda posta uyatazame masanduku ya barua yaliyopangwa ukutani, kila moja na namba yake. Safu ndivyo ilivyo: jina moja, masanduku mengi. Njia fupi ya kuitangaza na kuijaza ni hii:

Dim siku As Variant
siku = Array("Jumamosi", "Jumapili", "Jumatatu", "Jumanne", "Jumatano", "Alhamisi", "Ijumaa")

Dim hutangaza jina, na Variant maana yake ni chombo kiwezacho kupokea kitu cho chote. Array ndilo neno linalojaza masanduku yote saba kwa mara moja.

Sasa angalia hila iliyomo. Sanduku la kwanza si namba 1, bali ni namba 0. Jumamosi imo katika sanduku 0, na Ijumaa katika sanduku 6. Hakuna posta yenye sanduku namba 0, lakini mashine ndivyo ihesabuvyo.

Upande wa pili liko neno Weekday, ambalo hupewa tarehe na kurudisha namba ya siku. Usipoliambia neno, huanza na Jumapili kuwa 1. Lakini ukiandika Weekday(tarehe, vbSaturday), Jumamosi huwa 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Tazama jinsi linavyopatana na majina yetu yenyewe: mosi, pili, tatu, nne, tano! (Alhamisi ni jina la Kiarabu, nalo pia maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo juma letu lina tano mbili. Hayo tuwaachie walimu.)

Basi karani mwenye haraka huandika siku(Weekday(tarehe, vbSaturday)), akaenda zake kunywa chai. Mzigo wa Jumamosi waandikwa Jumapili, wa Jumatatu waandikwa Jumanne, na hivyo hivyo mpaka Alhamisi. Mashine haisemi neno. Ijumaa tu ndiyo hupiga kelele, kwa kuwa yaulizwa sanduku namba 7 nalo halipo, ikaleta kosa namba 9. Na kama kikundi chenu hakipokei mzigo siku ya Ijumaa, kelele hiyo hamtaisikia kamwe.

Dawa ni kutoa moja: siku(Weekday(tarehe, vbSaturday) - 1). Lakini mimi hupendelea njia ndefu, hasa kwa mtu anayeanza: Dim siku(1 To 7) As String, kisha kila sanduku lijazwe peke yake, siku(1) = "Jumamosi", siku(2) = "Jumapili", mpaka la saba. Hapo hakuna haja ya kutoa moja. Safu iliyotangazwa hivi haikubali kujazwa yote pamoja kwa neno Array, mashine itakataa.

Swali moja limebaki: ni kitu gani kweli hakibadiliki? Siku za juma, ndiyo. Majina ya wilaya, si sana: aliyeandika orodha ya wilaya za Mkoa wa Morogoro kabla ya mwaka 2012 hakuwa na Gairo, iliyokuwa bado sehemu ya Kilosa. Na bei ya kabichi haifai kabisa kufichwa ndani ya makro, ambako ni fundi peke yake ajuaye kuibadilisha. Iandike katika ukurasa wa Excel, mahali ambapo mwenyekiti na wakulima wenyewe waweza kuiona, na makro iisome pale kwa neno Range. Safu itokayo kwa Range huanza na 1, si 0, nayo hutaka namba mbili, ya mstari na ya safuwima: bei(3, 1).

Ukimaliza, usijaribu kwa tarehe ya leo tu. Andika tarehe saba zinazofuatana, kuanzia 9 Desemba 1961 hadi 15 Desemba 1961. Siku ile ya Uhuru wa Tanganyika ilikuwa Jumamosi, basi tarehe 15 hapana budi iwe Ijumaa. Mashine ikileta kosa namba 9 hapo, rudi uitazame ile kutoa moja.